Neema amekuwa mwalimu

Jumanne, Louisville, Marekani

Eti mwalimu! Mwanangu Neema amekwenda China kufundisha watoto wa watu Kiingereza, tena kwa kujitolea. Mimi mama yake nimemwomba miaka sita anifundishe. Jibu lake lilikuwa moja: "Mom, I'm tired." Amechoka kwa kulala kwenye kochi! Na mimi hapo ndio kwanza nimerudi kubeba maboksi ghalani.

Tangu aondoke, barua za Kiingereza zinarundikana mezani na hakuna wa kunisomea. Hilo linanitisha.

Leo jioni amenipigia kwa video akiwa darasani, huko China ni asubuhi. Akawaambia wanafunzi wanisalimie. Wakasimama wote: "How are you, Mama?"

Nikajibu, "Fine, senki yu."

"Thank you, Mama," Neema akanisahihisha. "Weka ulimi katikati ya meno."

Nikarudia, bado. Nikarudia tena. Watoto wakacheka, naye akawakaripia, kisha akanitafsiria: "Nimewaambia hatumcheki anayejifunza."

Hatumcheki! Huyu aliyekicheka Kiingereza changu mbele ya mwenye nyumba wetu hadi nikanyamaza!

Nilitaka kumkumbusha. Badala yake nikauliza kipindi kingine ni lini.

"Alhamisi, Mama. Na usichelewe."