Kutafakari Kulivyonipandisha Presha

Jumatatu, 3 Machi

168 kwa 104. Naziandika kwa wino mweusi ili nizizoee, kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Nesi alipima mara mbili, mkono wa kushoto kisha wa kulia. Nikamwambia labda mashine yake inasoma magazeti. Hakucheka.

Daktari, aliyezaliwa mwaka nilioanza kuandika makala, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nagombana kwa maandishi. Akaandika kwenye kadi: Kazi — kugombana.

Vidonge, kimoja kila asubuhi. Chumvi nipunguze. Nirudi tarehe 24. Namba ya juu ikiwa haijashuka chini ya 150, nisahau mdahalo wa tarehe 26. Nisahau! Maktaba ya mtaa wetu inataka kufanywa maegesho ya magari, mimi ndiye niliyeombwa kuitetea mbele ya halmashauri, na huyu ananiambia nisahau.

Nikiwa mlangoni nesi akaongeza: "Na kila asubuhi, mama, ukae kimya dakika kumi, utafakari."

Hilo ndilo dogo kuliko yote. Kutafakari ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimekaa kitandani, uso kwa kabati. Nikatafakari.

Nilimtafakari Mkato. Namwita hivyo kwa sababu hajawahi kuandika sentensi yenye mikato pungufu ya saba. Nukta anaiogopa kama deni. Ndiye atakayesimama upande wa maegesho. Dakika ya nne nilikuwa na hoja tatu za kumjibu. Ya tisa, nimepata hitimisho. Nilitoka pale nimechangamka, mashavu yana moto. Kumbe tiba yenyewe tamu.

Alhamisi, 6 Machi

Makala ya Mkato imetoka. Eti maktaba ni ghala la vumbi, na vumbi halihitaji paa. Mikato kumi na minne, nimehesabu.

Nimeongeza dozi. Nimetafakari dakika ishirini. Mume wangu aliingia kutafuta mkasi — sebule yetu ndiyo karakana yake ya ushonaji, na mkasi wake hulala popote — akasimama akaniangalia.

"Mama watoto, mbona unatafakari umekunja ngumi?"

Nikamwambia aende na mkasi wake.

Jumatatu, 10 Machi

Sikungoja tarehe 24, nimepita kliniki leo. 176. Imepanda!

Nesi akanihoji kama hakimu. Vidonge? Nakunywa. Chumvi? Tumeachana. Unatafakari? Kila siku, jana nusu saa nzima.

"Unatafakari nini?"

Nikamweleza. Hoja ya kwanza, ya pili, na ile ya vumbi. Akaweka kalamu chini taratibu.

"Mama. Nani kakwambia ufikirie?"

"Wewe. Umesema nitafakari."

"Nilitaka usifikirie kitu."

"Basi hiyo siyo kutafakari. Kutafakari ni kufikiri kwa kina. Fungua kamusi yoyote. Huwezi kumwambia mtu ale, halafu umkute na sahani umgombeze kwamba ulitaka afunge."

Tulibishana. Mlango ulikuwa wazi na foleni nzima inasikiliza. Bibi mmoja akasema kutoka benchi la mbele, "Mpeni ushindi wake aende nyumbani, sisi tunataka kupimwa."

Nesi akashusha pumzi. Kaa, akasema. Fuata pumzi yako ikiingia na kutoka. Wazo likija, usiligombeze, usilikaribishe chai. Liache lipite.

"Na jambo hilo linaitwaje?"

"Sijui, mama. Mwandishi ni wewe."

Alikuwa na haki. Ndicho kilichoniuma.

Jumanne, 11 Machi

Nimeshinda nikitafuta neno. Siwezi kufanya kitu nisichoweza kukitaja. Taamuli — kufikiri kule kule, kumevaa kanzu. Kujibembeleza — mimi si mtoto mchanga. Kunyamaza — humu ndani maana yake ni kununa.

Nikamuuliza mume wangu. Alikuwa anapiga pindo la suruali, uzi mdomoni. Huyu bwana tumeoana miaka ishirini na minane na makala zangu hazisomi. Huzikata ziwe vipimo vya kola. Hasira yangu yote dhidi ya waziri mmoja ilipita shingoni mwa wanakwaya.

"Mtu mwenye mzigo kichwani," akasema, "akifika, anafanyaje?"

"Anatua."

"Basi tua." Akarudi kwenye pindo lake.

Kutua! Neno lilikuwa linakanyaga pedali hatua sita kutoka kitandani kwangu.

Alhamisi, 13 Machi

Kutua ni kazi ngumu kuliko kupigana. Dakika mbili tu. Mawazo yanaingia na viatu. Ya tatu, usingizi. Nimeamshwa na kukoroma kwangu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Nimehamia karakanani. Naketi kwenye kigoda, nyuma ya cherehani, naye anashona. Pumzi inaingia kwa mshono mmoja, inatoka kwa mshono mwingine. Uzi ukikatika, tunasubiri wote wawili.

Dakika kumi kamili. Mkato alipita na mikato yake yote. Sikumwita. Sikumtupia jiwe pia.

"Umekaa kimya mpaka nimeogopa," mume wangu akasema.

Alhamisi, 20 Machi

Mkato kaniandika. Hakunitaja, lakini "yule mama mwenye kelele" mtaani hapa ni mmoja. Damu ikaanza kupiga ngoma masikioni. Nikachukua gazeti, nikaenda kwenye kigoda. Nikalitua sakafuni, kweli kweli, kwa mikono miwili, kama ndoo iliyojaa. Nikakaa.

Niliporudi kulichukua, ukurasa ule ulikuwa umeshakuwa kola ya namba kumi na sita.

Mchana nikapima duka la dawa. 152. Tatu tu zimenizidi! Na zikibaki hizo, nitalaza sauti yangu ndani na halmashauri itamsikia yeye peke yake.

Jumatatu, 24 Machi

Kliniki. Naandika nikiwa kwenye foleni, namba 32. Nimetua asubuhi, nimetua tena hapa benchini. Nilikuwa shwari kama maji ya mtungi, mpaka mtu akaketi kando yangu, mkononi ana namba 33.

Mkato.

Kwa karibu ni mfupi kuliko makala zake. Kola yake imechakaa. Imeshageuzwa na fundi mara moja, ikachakaa upande wa pili pia. Tulisalimiana kama watu waliokutana msibani.

"Na wewe pia?" nikamuuliza.

"172, dada yangu, Jumatatu iliyopita, na wamesema, isiposhuka leo, mdahalo basi."

Hata akiongea anaweka mikato.

"Vidonge unakunywa?"

"Nakunywa, na matembezi natembea, na kila asubuhi, kama nesi alivyoniagiza, natafakari, lakini inapanda tu."

Nikamgeukia.

"Unatafakari nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Wewe," akasema.

Kumbe! Kabla sijajua kutua, tulikuwa tukipigana alfajiri, kila mmoja kitandani kwake, na wote wawili tunashindwa.

Sasa hesabu ni rahisi, na mimi si malaika. Nikinyamaza, atapimwa, atakuwa 172 au zaidi, na keshokutwa jukwaa ni langu na maktaba imepona. Sihitaji kusema uongo. Nahitaji tu kufunga mdomo, jambo ambalo kila mtu mjini amekuwa akiniomba tangu ujana wangu.

Nesi ameita 31. Mzee mmoja kaingia.

Nimemtazama mkono. Mshipa wa kifundoni unarukaruka kama kifaranga kwenye mfuko. Mtu huyu ndiye peke yake anayenisoma mpaka nukta ya mwisho.

Nimemwambia afungue kifungo cha shingo. Nimemwambia afumbe macho.

"Nitafakari?"

"Ukithubutu. Umewahi kubeba ndoo kichwani?"

"Udogoni."

"Itue."

Amefumba. Anapumua vibaya, vipande vipande. Nikamwambia hapana, bwana, pumzi moja ndefu, mpaka nukta.

Nesi ameita 32. Ndiyo mimi. Bega lake limeanza kushuka. Ameita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nikiinuka sasa, huyu atafumbua macho. Namhesabia pumzi kwanza — tatu, nne —