Hodi Yako, Baba, Iliitikiwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoiweka chini randa yako ukaondoka kimyakimya, wewe ambaye zamani hukujua kuondoka bila kelele.

Mama bado anamimina chai kikombe kimoja zaidi, kisha anajicheka. Penseli yako tuliikuta nyuma ya redio, fupi kama kidole gumba. Hakuna aliyethubutu kuichonga.

Maseremala wengine wakishaweka mlango mpya hukusanya vifaa wakaenda zao. Wewe kila mara ulitoka nje, ukaufunga, ukabisha: "Hodi!" Hukugusa sanduku lako la vifaa mpaka mtu wa ndani aseme "Karibu." Wateja walikucheka. "Fundi, si umeuweka sasa hivi, hodi ya nini tena?" Nawe uliwajibu, "Mlango usioitikiwa haujaisha. Huo bado ni ubao."

Wapo wanaowaandika marehemu wao kama malaika. Sisi tulikuwa na mtu, na tunamshukuru Mungu kwa mtu huyo. Ulikuwa mlevi, Baba. Ulilisema mwenyewe mbele za watu, nasi hatutakuvunjia heshima kwa kulificha. Siku moja ulirudi chakari, Mama akakufungia nje, ukauvunja kwa mateke mlango ulioutengeneza kwa mikono yako. Mimi, mwanao wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisimama kati yako na Mama. Ulinitazama, ukazitazama mbao zilizopasuka, ukageuka, ukaenda. Hatukukuona kwa miaka minne.

Huko ulikokwenda ulipata kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa. Ulitusimulia baadaye: "Nililikalia la kwanza nione kama linayumba. Kumbe anayeyumba ni mimi." Siku hiyo ulisali, na pombe hukuigusa tena; habari hiyo ilitufikia kabla hujarudi.

Ulirudi Jumapili moja, macho meupe bila wekundu wa pombe, sanduku begani. Hukuomba kuingia. Uliushughulikia ule mlango uliouvunja, ambao tulikuwa tumeuziba kwa mabati tu, mpaka jua likaelekea kuzama, ukaufunga ukiwa nje, ukabisha. "Hodi!"

Mama alikuwa ameshakusamehe, na alituambia hivyo waziwazi, lakini alisema neno la kukukaribisha ni la yule aliyesimama kati yenu siku ile mlango ulipovunjika. Yaani mimi. Nami nilikuwa nimejaa kiburi hadi kooni. Nikapaza sauti: "Kamwombe msamaha huyo Mungu wako!"

Ukajibu taratibu, "Yeye nimeshamwomba, mwanangu, na amenisamehe. Nimebaki na wewe."

Ukaenda kulala kwenye karakana ya mafundi wenzako. Jumapili iliyofuata ulirudi, ukabisha mara moja tu, ukasubiri, ukaenda. Na iliyofuata. Jumapili kumi na moja, Baba, na hata siku moja hukuinua sauti.

Ya kumi na mbili, ulipobisha, Bibi, mama yako mzazi, ambaye ulimi wake ni msumeno, alinigeukia. "We kijana! Mwenyezi Mungu amemfungulia. Wewe umeshika komeo la nani?"

Kitinda mimba wako, dada yangu tunayemwita Kijiko, akadakia, "Na chai inapoa!"

Nikacheka bila kutaka. Na kicheko kikiwa bado mdomoni, nikasema, "Karibu, Baba."

Uliingia, ukaupapasa mlango juu hadi chini, machozi yakikudondoka kidevuni. "Sasa umeisha," ukasema.

Asante kwa miaka tisa iliyofuata. Asante kwa kumshika Mama mkono barabarani, mbele ya majirani waliowahi kumwonea huruma. Asante kwa kukaa na walevi nje ya karakana, ukiwasikiliza bila kuwahubiria mpaka wakuulize wenyewe. Asante kwa kitanda cha mjukuu wako, ulichokipiga msasa hadi Kijiko akasema mtoto atateleza aanguke.

Hata hospitalini, kifua kikikubana, ulimwita nesi: "Binti yangu, niletee mafuta ya kupikia kidogo. Bawaba za mlango huu zinaumwa kuliko mimi." Na alileta!

Lakini mchana mmoja, tukiwa wawili, uliniuliza kwa sauti ndogo, "Unadhani watanifungulia kule? Nimeharibu mengi." Sikuwahi kukuona ukiogopa. Nikakwambia, "Baba, mimi na kiburi changu chote nilikuchelewesha Jumapili kumi na moja tu. Mungu hana kiburi changu." Ulicheka mpaka ukakohoa, ukanishika mkono, na hukuuliza tena.

Ulizoea kusema mashairi yangu yana misumari mingi kuliko mbao. Pokea huu ubeti, nimeupiga randa:

Uliuvunja mlango, kwa mateke na hasira,
Ukainamisha shingo, ukaomba kwa subira,
Leo hatuna kinyongo, mlango wako imara,
Hodi uliyoipiga, Mola ameitikia.

Unakumbukwa na mkeo mpendwa. Mama yako, ambaye msumeno wake haujaota kutu. Mimi mwanao wa kwanza. Kijiko na mumewe. Mjukuu wako, ambaye hajateleza. Mafundi wenzako wa karakana. Na wawili kati ya wale walevi uliokaa nao nje ya karakana, ambao leo wameacha pombe na wanasali nasi.

Mlango wako bado unafunga vizuri. Siku hizi akibisha mtu yeyote, Baba, tunaitikia kabla hajamaliza neno. Hivyo ndivyo tutakavyokukumbuka daima.