Visanduku Vitatu na Mahojiano ya Neema

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefuta meza, nimewasha visanduku vitatu vya ukutani. Taa zinawaka. Mtandao hakuna. Nimezima, nimewasha tena. Hakuna. Ijumaa ulikuwa mzima!

Alhamisi mdogo wangu Neema ana mahojiano kwa video na shule ya wakunga ya Kalemie. Kompyuta ya kumfaa ni hizi za kituo ninapofanya kazi tu. Mtandao wa simu hapa Baraka unatosha salamu, si uso wa mtu. Mwaka jana malaria ilimkosesha nafasi hiyohiyo. Naogopa.

Jumanne, 9 Septemba
Hapa visanduku vyote vinaitwa wifi. Direkta, mkuu wetu wa kituo, anasema modemu imeungua, kisha anaonyesha kisanduku kingine. Mimi ndiye sekretari, eti ninajua. Sijui kitu. Fundi wetu yuko Misisi, anawafungia wanunuzi wa dhahabu antena. Simu yake haipatikani.

Nyumbani Neema anajizoeza Kifaransa huku anasonga ugali. Sikumwambia.

Jumatano, 10 Septemba
Fundi amepatikana kwa simu, amenieleza. Modemu inapokea mtandao kutoka antena ya juu ya paa. Ruta inaugawa, inampa kila mmoja njia yake, na hapa kwetu ndiyo inayorusha ule wa hewani. Swichi, yenye mashimo mengi, haileti mtandao; inaunganisha kompyuta kwa kebo tu. Nimeelewa vizuri kabisa. Nimekata simu, nimegeuka ukutani, nimepotea tena. Ipi ni ipi? Nimempigia tena, nimebandika plasta na kuandika majina.

Fundi anasema zote nzima, mtandao bado. Nimechoka na akili yangu. Nimemwambia Neema. Amesema, "Yaya, dada yangu, mi nitavaa tu nije."

Alhamisi, 11 Septemba
Neema amefika na blauzi nyeupe. Fundi akapiga.

"Mama, taa za swichi iko zinafanya nini?"

Zinapepesa zote pamoja, kama zina wazimu.

"Hakuna kable yenye inatoka mu swichi na inarudia mulemule?"

Ipo. Ni mimi! Jumamosi, kwenye salongo, ule usafi wa pamoja, kila mtu anafagia, niliona kebo inaning'inia na shimo tupu la swichi linaingiza vumbi. Nikaichomeka ikae vizuri. Usafi! Kumbe mtandao unazunguka humo kama mbuzi aliyefungwa kamba, hautoki.

Nimechomoa ncha moja. Taa zimetulia. Uso wa mwalimu wa Kalemie ukatokea, Neema akasalimu. Mimi nikatoka nje, nikacheka, nikalia. Sijui kipi kilitangulia.

Jumatano, 17 Septemba
Neema amekubaliwa. Boti ni kesho kutwa. Nilihangaika wiki nzima ili aende, na sasa moyo hautaki aende. Ninafurahi kweli. Ninaumia kweli. Sikujua vinakaa pamoja.

Yeye yuko sokoni, ananunua sabuni. Nimemfulia nguo za safari, nimezianika uani. Jua ni kali, zitakauka upesi.