Bakuli Lililovunjika Sokoni Dameski

Amman, 4 Februari

Mama kipenzi,

Nabusu mkono wako. Goti limetulia? Mimi mzima, ila baridi inanikunja.

Ile kazi yangu imeiva. Mtu anavaa ile miwani ya kompyuta, anajikuta Dameski ya miaka mia sita nyuma. Ni mtumishi, katumwa na bakuli la kaure. Sokoni anapigwa kikumbo, bakuli linavunjika. Badala ya kwenda kula viboko kwa tajiri wake, anaokota vigae na kuvipeleka kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo, anapewa bakuli jipya bila kuulizwa neno. Wakfu huo ulikuwapo kweli, mama!

Lakini mkuu wangu, Bwana Nidhal, anapiga miayo. "Nani atapanga foleni kutazama vyungu? Nipe Taimur, nipe mji unawaka!" Basi nimeuweka moto, maana mvamizi yule, Taimur, aliuchoma kweli. Majaribio ni huko kwenu Alhamisi. Nenda, kisha niambie ukweli.

Binti yako,
Lujain

Dameski, 29 Machi

Lujain, uje unizike wewe mwanangu, nisikuzike mimi,

Goti ni lile lile, alhamdulillahi. Wewe unakula vizuri?

Nilikwenda. Soko nililipenda, nilimtukana ngamia aliyenikanyaga mpaka mama yako mdogo Widad akaniziba mdomo. Kisha ukaja moto. Nilivua miwani nikaitupa. Umesahau tulivyotoka mtaani kwetu Jobar wakati wa vita, nyumba yetu inaungua? Nilikukasirikia, ndiyo maana nikanyamaza.

Na jingine. Bakuli lilipovunjika, soko zima kimya. Dameski gani hiyo? Chombo kikivunjika, hata nyumbani kwa adui yako, lazima mtu aseme, "Shari imevunjika!", yaani baya limeondoka na chombo. Vilemba umevipata, hata mavi ya ngamia umeyapata. Watu umewasahau.

Mama yako

Amman, 2 Aprili

Mama,

Nabusu mikono yote miwili, nisamehe. Jobar sijaisahau. Nilidhani moto wa zamani hauunguzi.

Barua yako nimewasomea kazini. Bwana Nidhal akasema, "Mama yako ana ulimi, Mungu amhifadhi." Mwanahistoria wetu akapinga: hakuna kitabu kinachosema watu wa zama zile walitamka hivyo. Nikamwambia hakuna kinachosema walinyamaza pia. Akacheka, akakubali.

Moto nimeshindwa kuuondoa. Ila mwisho wa soko sasa kuna njia mbili: ukifuata ngoma unamkuta Taimur, ukipita lango dogo unatoka na bakuli lako, yameisha. Bwana Nidhal anaapa lango hilo halitapitwa na mtu, na lisipopitwa atalifunga. Sikulazimishi urudi.

Lujain wako

Dameski, 20 Aprili

Roho yangu,

Salamu toka kwetu sote. Widad anauliza lini utaolewa. Nimemwambia aanze yeye.

Tumerudi tena, mimi na yeye. Bakuli liliponiponyoka, soko zima likapaza, "Shari imevunjika!" Mwanamke mmoja akanishika mkono kuangalia kama nimejikata. Nililia ndani ya miwani yenu, sijui kama itaharibika.

Widad akafuata ngoma. Unamjua, hata ugomvi wa majirani huukimbilia. Alitoka ametokwa jasho, anasifu.

Mimi nilikwenda langoni, na kulikuwa na watu wengine pia, mwambie huyo Nidhal wako. Mlinzi wa miwani akaniuliza sikioni, "Mama, mbona mapema? Bado hujaona moto wenyewe." Nikamwambia nimeshauona.

Nikapita lango taratibu, hakuna aliyenisukuma. Nikageuka kutazama, na mji ulikuwa bado mzima.

Mama yako