Kitufe cha Haipo

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha asubuhi, tumesimama kama kawaida. Okello, mwandishi wa programu yetu, alimaliza kitufe wiki iliyopita: muuza vipuri vya magari akiishiwa na kitu anabonyeza "Haipo", na simu ya mteja inamwonyesha duka lililo nacho. Kinapendeza. Lakini tangu tulipokipeleka kwa majaribio Kisenyi, mtaa wa vipuri hapa Kampala, hakuna aliyebonyeza. Hata mmoja. Bosi anadhani ni kidogo mno. Mimi sidhani. Nataka kujua.

Jumanne, 5 Machi
Cheo changu ni mmiliki wa bidhaa. Kwetu Kisumu wanaamini nina duka. Similiki hata kiti ninachokalia. Nasema kipi kitengenezwe kwanza na kipi kiachwe, lawama zikija ni zangu. Ijumaa wafadhili wanakuja kuona kitufe. Wasiporidhika, mradi unakufa na kazi yangu pamoja nao. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshinda Kisenyi kwa Mama Hodan, Msomali muuza vipuri. Nilinyamaza nikatazama, jambo lisilo rahisi kwangu. Mteja alitaka pampu ya maji. Rafuni haikuwepo.
"Iko, ssebo. Kaa kidogo," Mama Hodan akamwambia, akimwita bwana kwa Kiganda.
Akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi nayo. Ya jirani. Baadaye jirani naye akaja kuchukua beringi. Kutwa nzima hivyo, na faida wanagawana. Nikamuuliza mbona habonyezi kitufe. Akanionea huruma.
"Mimi naambia mutu haiko, yeye naenda. Ya jirani ni yangu."
Nilicheka njia nzima hadi kwetu Nakasero. Ofisini kicheko kikaisha. Programu yetu inamnyang'anya mteja wake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeamua: kitufe kitoke. Badala yake, mwenye duka aulize majirani kupitia programu, mteja asione. Okello, aliyeokota Kiswahili chake kambi ya jeshi kwa baba askari, hakuficha hasira.
"Madam, hii kitu mimi nafanya wiki tatu. Sasa wewe natupa?"
Nikasema ndiyo. Iliniuma. Bosi kasema huo mzigo nitaubeba mwenyewe mbele ya wageni. Sawa.

Ijumaa, 8 Machi
Wafadhili walitaka kitufe. Niliwaonyesha michoro ya karatasi na habari za mlango wa nyuma. Mama mmoja aliuliza maswali mazuri. Wengine walitazama saa. Jibu watatoa kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Bosi amepiga simu. Wametupa wiki mbili, basi, tuwaletee kitu kinachotumika kweli madukani. Nimekaa kitandani nikalia kidogo. Kisha nikampigia Okello. Habari za wafadhili hakuziuliza. Aliuliza kama Mama Hodan anafungua leo. Anataka kuona yeye na jirani wanavyopeana vipuri kwa mlango wa nyuma.