Nazi Zilizochelewa Kuchipua

4 Julai

Mwanangu,

Mimi ni mzima, goti tu linasumbua, nalo tumeshazoeana. Hujambo huko ofisini kwenu kwa kilimo? Kitalu cha kikundi kimetimiza miezi mitano. Kati ya nazi mia tatu ulizotuletea, mia mbili zimechipua. Zilizobaki kimya. Wenzangu wananiuliza mimi, maana ndimi mwenye ufunguo wa kitalu. Nifanyeje?

Mama yako

12 Julai

Mama, shikamoo.

Goti hupakwa dawa, halizoewi. Ambazo hazijachipua mpaka leo tupa zote, usizionee huruma. Nazi inayochelewa huwa mnazi mvivu, ukizaa ni vinazi vya kuhesabu. Mkulima hugundua baada ya miaka saba, jasho limeshamtoka.

Mwanao

30 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimekaa kimya kwa woga. Sikuzitupa. Nilizificha nyuma ya jiko, nikazimwagilia, arobaini zikachipua. Siku ya kugawa, miche ikaisha kabla ya kumfikia shemeji yangu, fundi baiskeli. Nikampa hizo. Alipouliza mbona mifupi, nikamwambia ndiyo ile aina fupi inayozaa mapema. Ameshaipanda yote. Kila asubuhi anapita kunishukuru kwa kumpendelea, na mimi naona aibu mpaka nashindwa kumtazama. Lakini miaka saba ni mingi, huenda nitakuwa kaburini. Ninyamaze?

Mama yako

8 Desemba

Mama, shikamoo.

Usinyamaze. Mwambie sasa, kabla mizizi haijashika. Baba mdogo ana miaka sitini na ushee, hana saba ya kupoteza.

Mwanao

27 Desemba

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Nimemwambia. Akaniuliza kama nilijua siku ile nikimpa. Nikasema nilijua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake niling'oa miche yangu arobaini, ile mizuri niliyogawiwa, pamoja na udongo wake, nikampelekea kwa toroli. Tukapanda wawili bila kusemeshana, ile mivivu tukaing'oa na kuichoma moto. Ufunguo nimeurudisha kwa kikundi, na wenzangu nimewaeleza kwa nini. Shamba langu sasa ni mashimo matupu.

Siku kumi hakupita kwangu. Nililia, sikufichi. Leo asubuhi amesimama mlangoni, hakunisalimia wala kunishukuru. Amesema, "Shemeji, mche wa mwisho kule kwenye mfereji umeupanda kombo." Nimechukua jembe, nikamfuata.

Mama yako