Mkeka Mmoja na Baba Mkwe

Kiseke, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini lile goti la kulia limepata nafuu na baridi ya huko Rungwe haijakulaza ndani. Sisi huku ni wazima. Watoto wamerudi shule, Baba Neema yuko kazini kwake kwenye kiwanda cha samaki, na mimi bado niko na cherehani yangu Nyamagana, nashona sare za shule mpaka vidole vinauma. Sasa vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Anyosisye akusomee. Ni mdogo wangu na nampenda, lakini ndiye aliyekuonyesha ile picha, na mdomo wake tunaujua.

Nimepiga simu mara nyingi tangu siku ile uliponikatia. Mara ya mwisho alipokea Anyosisye akasema uko shambani, na nyuma yake nikakusikia ukikohoa. Ndiyo maana naandika. Barua unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Ulisema binti aliyelelewa Rungwe akikaa mkeka mmoja na baba mkwe wake, anayechekwa ni mama yake. Sibishi. Nilikaa. Na ni kweli nilikuwa namtolea miiba ya samaki, anakula kutoka mkononi mwangu. Lakini picha haisemi kilichotangulia, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Safari waliianzisha watoto. Jirani yetu aliwapeleka wanawe Zanzibar mwaka jana, na tangu siku hiyo Baraka hakutuacha tupumue: na sisi twende kisiwani, na sisi twende kisiwani. Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, baba yao akamwambia, "Kisiwa tunacho. Babu yenu anaishi kisiwani." Watoto wakabaki wanatazamana. Miaka kumi na moja ya ndoa, Mama, na watoto wangu hawakujua kwamba kwao ni Ukerewe. Kosa hilo ni langu. Kila mwaka nilikuwa na sababu, mara nina mimba, mara nina kazi ya watu haijaisha, mara ziwa limechafuka. Sababu yenyewe unaijua. Sikujua ndani ya nyumba ya baba mkwe ningejificha wapi.

Hata yeye alipokuja huku Mwanza kutibiwa macho, alilala kwetu siku nne na hatukuonana. Nilipika, Neema akampelekea chakula, mimi nikashinda kwa jirani mpaka alipoondoka. Nilijiona nimefanya vizuri. Nilikupigia simu nikakusimulia, na wewe ukanisifu.

Basi tukapanda meli. Baraka alivaa miwani ya kuogelea tangu hapa nyumbani, abiria wakamcheka njia nzima, wala hakujali. Sekela, huyu wajina wako, alitapika kwenye kanga yangu mara mbili, halafu akaomba ndizi. Tulipofika Nansio wifi yangu alikuwa anatusubiri. Yeye ndiye anayemtunza mzee tangu mama mkwe alipofariki. Nyumba yao iko karibu kabisa na maji, nyuma kuna michungwa, mbele kuna majabali makubwa yanayoingia ziwani.

Watoto walifurahi, siwezi kukudanganya. Walikula machungwa mpaka pembe za midomo zikachubuka. Ugali wa muhogo Baraka aliukataa siku ya kwanza, siku ya tatu akawa anagombea ukoko na dada yake. Kuogelea, wifi aliwaonyesha sehemu moja tu yenye mchanga na maji yanayotembea, akawakataza kwenye matete kwa ajili ya kichocho na mamba. Mimi siogelei, nilikaa mchangani nawahesabu: mmoja, wawili, watatu, halafu naanza tena.

Baba mkwe macho yamemwishia. Anaona mwanga na kivuli, basi. Nitasema ukweli wangu ingawa ni aibu: nilipoliona hilo nilishukuru. Nilisema moyoni, sasa kazi imekuwa nyepesi. Akiingia sebuleni mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Nikavua na viatu, nikawa natembea peku ndani ya nyumba ili asijue nimepita. Kumbe masikio yake ni mazima kabisa.

Siku ya nne Baba Neema na wifi walikwenda Nansio sokoni. Nikabaki ufukweni na watoto, nafua nguo. Mzee akasikia kelele za wajukuu, akachukua fimbo yake akaja taratibu. Nilipomwona nikafanya ulivyonifundisha. Niliacha ndoo hapohapo, nikaenda nyuma ya jiwe, nikageuka nikampa mgongo. Nikamsikia anauliza, "Mama yenu yuko wapi?" Neema, mtoto wa miaka kumi, akili hana, akajibu, "Amejificha nyuma ya jiwe, Babu. Huwa anakukimbia."

Mzee akaegemea fimbo yake. Halafu akasema, "Mwacheni. Hanipendi, lakini amenizalia wajukuu wazuri."

Hakusema kwa hasira. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo. Mama, nilisimama nyuma ya lile jiwe, machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo nilikuwa namheshimu kwa nguvu zangu zote, na yeye alikuwa anahesabu kila mlango niliotoka. Chakula changu hapa Mwanza alikula akijua mpishi hataki kumwona.

Watoto wakarudi majini. Mzee akawa anazifuata sauti zao, lakini upepo ulizileta kutoka upande mwingine, akapanda jabali badala ya kwenda mchangani. Lile jabali kwa juu ni tambarare, mbele linakatika, na chini ni kina kirefu. Nilipochungulia alikuwa amebakiza hatua mbili. Hakuna mtu mzima mwingine. Nikaita, "Baba! Simama!" Hakusimama. Sauti yangu hakuijua, angejuaje kwamba ni yeye anayeitwa? Alinyanyua mguu. Nikakimbia, nikamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, tukaanguka wote kwa nyuma juu ya jiwe. Fimbo yake ikaenda majini.

Tulikaa hapo, wote tunahema. Akanipapasa mkono, akauliza, "Wewe nani?"

"Ni mimi, baba. Mama Neema."

"Kumbe sauti yako ndiyo hii," akasema.

Nikamweleza. Nilimwambia kwetu mwanamke hakai mbele ya baba mkwe, hali naye, hamtazami, jina lake halitamki, na kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe, kubwa kuliko zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Miaka kumi na moja naheshimiwa," akasema, "na mimi nilikuwa nanung'unika kwa watu." Aliniuliza kwa nini mwanawe hakumwambia. Jioni nilimuuliza Baba Neema swali hilohilo, akajibu alidhani mimi ni mtu wa aibu tu. Wanaume hawa, Mama, unaishi naye miaka yote hiyo hajui kwa nini unapitia mlango wa jikoni.

Siku iliyofuata mzee aliomba jambo moja, kwamba nikae karibu naye wakati wa kula ili anisikie nikiongea na watoto. Nikakaa. Akaletewa sato, nikaona vidole vyake vinavyohangaika na miiba, nikamtolea. Wifi akapiga picha, nayo ikasafiri mpaka ikakufikia. Jina lake sijalitamka, na utaona hata humu sijaliandika. Hilo bado ninalo.

Nisalimie baba mdogo, umwambie nimezipata mbegu za maharage. Nisalimie shangazi wa pale kanisani na wale mama zangu wanaochuma chai pamoja nawe. Na Anyosisye nisalimie, ingawa nina neno naye. Watoto wanasema shikamoo Bibi. Sekela anauliza kama na wewe unaishi kisiwani.

Kuna jambo nimesita kuliandika, lakini nisipoliandika nitakuwa sijasema kitu. Nikiwa msichana ulinisimulia, mara moja tu, tukiwa wawili jikoni. Ulikuwa ndiyo kwanza umeolewa. Babu, baba mkwe wako, alikuwa anaumwa, nyumba nzima wako mashambani, akaita kutoka chumbani kwake anaomba maji. Ukachota, ukaweka kikombe mlangoni, ukakimbia mpaka kwenye chai kumtafuta mtu wa kumpa. Mliporudi alikuwa ameshakata roho, na kikombe kimejaa vilevile. Watu walikusifu kwa adabu yako. Wewe ulinisimulia huku unakoroga mboga, hukunitazama, na tangu siku ile hukulirudia.

Nilikuwa nimemshika yule mzee juu ya jabali, nikakukumbuka wewe na kile kikombe. Sikuiacha adabu yako, Mama. Nilimshika kwa sababu ulinisimulia. Na najua ungekuwa wewe pale, safari hii ungemshika.

Jumapili baada ya ibada nitapiga tena. Pokea mwenyewe.

Ndaga fijo, asante sana, mama yangu.

Ni mimi mwanao,
Tumpe